Aspirini, warfarini au dawa mpya: ipi kwa mzee anayeweza kuanguka kesho?

Familia nyingi za Tanga zinapokaa kuamua mzee atumie dawa gani ya kuzuia damu isigande, huangalia mambo mawili: bei ya dawa na hofu ya kiharusi. Yote mawili ni ya haki. Lakini liko la tatu ambalo watu hulikumbuka likishatokea: siku mzee atakapoteleza bafuni, au bodaboda itakapomkumba akivuka barabara Ngamiani, au baiskeli itakapomwangusha ubavu chini. Na huu ni mji ambao mtu wa miaka 70 kwenda sokoni kwa baiskeli halimshangazi yeyote. Siku hiyo, dawa iliyokuwa inamkinga na kiharusi ndiyo itakayochangia kuamua damu imtoke kiasi gani, isimame lini, na daktari awe na nini cha kufanya.

Kwa hiyo hapa nazilinganisha dawa hizi nikiwa na siku ya ajali kichwani, na hasa ajali ya kifua. Nimechagua kifua kwa sababu mzee akigonga kichwa nyumba nzima hutoka mbio. Akigonga ubavu, anaambiwa akae, akandwe, kesho itakuwa nafuu.

Kwa nini mbavu

Chini ya kila ubavu, kwenye kijifereji cha mfupa, umelala mshipa wa ateri, wa vena na wa fahamu. Mfupa wa mzee umepungua uimara, kwa hiyo hahitaji gari kumgonga. Kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe, kwenye vigae vyenye maji, kunatosha kuvunja mbavu mbili au tatu. Ncha ya mfupa ikiuchana ule mshipa, damu inaingia kwenye nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hapo hakuna nyama ya kuibana isimame, na nje huenda usione hata alama. Upande mmoja wa kifua cha mtu mzima unaweza kubeba kama lita tatu za damu, wakati mwili mzima una lita tano hivi.

Damu hiyo haiji lazima siku ileile. Inaweza kuanza baada ya siku mbili, tano, hata wiki mbili, mfupa uliovunjika unaposogea mzee akikohoa au akijigeuza kitandani. Hapo familia ilishasema amepona.

Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, uliangalia watu wa miaka 65 na kuendelea waliovunjika mbavu. Kila ubavu mmoja ulioongezeka kuvunjika ulipandisha hatari ya kifo kwa asilimia 19 na ya nimonia kwa asilimia 27. Mwaka 2014 watafiti wa Wales walitengeneza kipimo cha kubashiri nani atapata matatizo baada ya kuumia kifua, na mambo waliyoyaona yana uzito yalikuwa matano: umri, idadi ya mbavu zilizovunjika, ugonjwa sugu wa mapafu, kiwango cha oksijeni kwenye damu, na kama mtu alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya kuumia. Matatu kati ya hayo huwezi kuyabadilisha siku ya ajali wala kabla yake. Dawa, angalau, mliichagua.

Kwanza ujue anaitumia ya nini

Huwezi kulinganisha dawa mbili kama hujui zinatibu nini. Kuna mzee ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, damu inatuama kwenye chemba ya juu na kuganda, kipande kikikatika kinakwenda kwenye ubongo. Hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya mwenzake wa rika lake. Kuna aliyewekewa valvu (mlango wa moyo) ya chuma, au ambaye valvu yake iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Kuna aliyeganda damu mguuni au kwenye mapafu. Kuna aliyepata shambulio la moyo au kuwekewa kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo.

Halafu kuna kundi la tano, pengine kubwa kuliko yote: asiye na lolote kati ya hayo, anayenunua aspirini ndogo dukani "ya kulainisha damu" kwa sababu jirani yake anameza.

Huyu wa mwisho nimalizane naye haraka. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Australia na Marekani, wazee zaidi ya 19,000 wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, nusu wakipewa aspirini ya miligramu 100 kila siku. Magonjwa ya moyo hayakupungua kwa kiasi cha maana. Kutokwa na damu kuliongezeka. Kwa mtu wa namna hii ulinganisho ni kati ya aspirini na kutomeza kitu, na kutomeza kitu kunashinda. Hata hivyo asiache kabla hajamwuliza daktari, kwa sababu wapo wanaodhani hawana ugonjwa kumbe daktari aliwaanzishia kwa sababu waliyoisahau.

Aspirini kwa mwenye moyo usiopiga kwa mpangilio

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na watu. Hoja yao inaeleweka: warfarini inatisha, dawa mpya ni ghali, basi tumpe aspirini, ni nyepesi na haina makuu. Mwaka 2007 Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa wa miaka 75 na zaidi wenye tatizo hili, wengine wakipewa warfarini, wengine aspirini. Wa warfarini walipata kiharusi mara chache zaidi, karibu nusu ya wenzao. Na kutokwa na damu nyingi? Makundi hayo mawili hayakutofautiana sana. Mwaka 2011 apixaban, mojawapo ya hizo dawa mpya, ilipimwa dhidi ya aspirini kwa watu walioonekana hawafai kupewa warfarini, na ikawa vilevile: viharusi vilipungua kwa zaidi ya nusu, damu haikuongezeka kwa kiasi cha maana.

Maana yake, kwa mgonjwa huyu, aspirini inampa sehemu kubwa ya hatari bila kumpa kinga.

Siku ya kuumia kifua ndipo ubaya wake mwingine unaonekana. Aspirini inaziharibu chembe sahani, zile zinazokimbilia jeraha kuliziba, na chembe iliyoharibiwa haiponi mpaka mwili utengeneze nyingine. Chembe hizo huishi siku 7 hadi 10. Hivyo mzee aliyemeza aspirini juzi bado anayo leo, na hakuna sindano ya kuiondoa. Klopidogreli ni hivyohivyo, na anayetumia zote mbili pamoja, kama wengi waliowekewa kijibomba cha moyo, hatari yake ni kubwa zaidi. Lakini huyo wa kijibomba asithubutu kuziacha kwa uamuzi wa nyumbani, kwani kijibomba kikiziba ni shambulio la moyo.

Warfarini: ya zamani, ya bei ndogo, na yenye masharti

Watu wanaponiambia warfarini ni sumu ya panya, siwabishii. Mwanzo wake ni ng'ombe wa Marekani Kaskazini waliokuwa wakifa kwa kutokwa na damu katika miaka ya 1920 kwa kula majani makavu yaliyooza. Kemikali iliyopatikana kwenye uchunguzi huo ikazaa warfarini, ikauzwa kama sumu ya panya kuanzia 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Kinachotenganisha dawa na sumu hapa ni dozi, na ndiyo sababu ina kipimo chake cha damu, INR.

Kwa wagonjwa wengi INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye valvu za chuma huhitaji zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2 kinga inapungua. Ikipanda kupita 4 au 5, kikohozi kikali tu juu ya ubavu uliovunjika kinaweza kuleta balaa. Na inapanda na kushuka kwa mambo ya kawaida kabisa ya nyumbani. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya maboga yana vitamini K nyingi, na vitamini K ndiyo inayopingana na warfarini. Mzee hakatazwi kuvila. Anachotakiwa ni kula kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, asile kisamvu cha nazi siku sita mfululizo kisha akakiacha mwezi mzima. Akiharisha au akikosa hamu ya kula, INR hupanda. Flajili aliyojinunulia kwa tumbo, Septrini, dawa za fangasi za fluconazole, zote huipandisha, wakati mwingine kwa siku chache tu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Nikiambiwa nitaje kosa moja linalowafikisha watumiaji wa warfarini pabaya, nitasema ni Flajili ya kununua bila kumwambia muuzaji kwamba unatumia warfarini.

Halafu kipimo chenyewe. Mwanzoni ni kila siku chache, baadaye kila wiki, na ikishatulia angalau kila baada ya wiki kadhaa. Anayekaa Chumbageni au Makorora anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Bombo kwa bajaji. Anayekaa Pangani, Mkinga au milimani Lushoto ahesabu nauli ya kwenda na kurudi, na ya kijana atakayemsindikiza, kila mara. Ukiijumlisha kwa mwaka, ile tofauti ya bei kati ya warfarini na dawa mpya hupungua sana. Fanyeni hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hamjasema dawa mpya hamziwezi.

Sasa siku ya ajali. Warfarini ina jambo zuri ambalo husahaulika: inapimika na inarudishwa nyuma. Daktari anachukua INR, anajua hali ilivyo. Anaweza kumpa vitamini K kwenye mshipa, ambayo ni rahisi na ya bei ndogo, ingawa huchukua saa kadhaa, kati ya 6 na 12, kuonyesha kazi. Damu ikiwa inatoka kwa nguvu, anaongeza plazma, yaani maji ya damu yenye vigandishi, kutoka benki ya damu, au dawa maalumu ya vigandishi vilivyokolezwa pale inapopatikana. Bila msaada huo warfarini huchelewa kuisha yenyewe. Siku tano kwa kawaida.

Dawa mpya

Majina nayaandika kama yalivyo kwenye boksi: rivaroxaban, apixaban, dabigatran. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hazihitaji INR, hazijali kisamvu, dozi yake ni ileile kila siku. Zikilinganishwa na warfarini, kwa jumla hupunguza damu kuvuja ndani ya kichwa kwa karibu nusu. Apixaban ilikwenda mbali zaidi. Katika utafiti wa 2011 wenye wagonjwa zaidi ya 18,000, kutokwa na damu nyingi kwa ujumla kulipungua kwa asilimia 31 ukilinganisha na warfarini. Rivaroxaban na dabigatran kwa wazee huongeza kidogo damu ya tumboni na utumboni.

Kwa mwezi wa Ramadhani, ambao Tanga huwezi kupanga matibabu bila kuukumbuka, tofauti ni hizi. Warfarini na rivaroxaban ni mara moja kwa siku. Rivaroxaban ya miligramu 15 au 20 lazima iliwe na chakula, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri, kwa hiyo wakati wake ni baada ya kufuturu kwa chakula cha kushiba. Kikombe cha uji na tende hakitoshi. Apixaban na dabigatran ni mara mbili, hivyo futari na daku. Saa zinazopita kati ya dozi na dozi hapo hazilingani, na ni jambo la kumwuliza daktari kabla mwezi haujaandama.

Siku ya ajali dawa hizi zina sura mbili. Nzuri: zinaisha haraka. Figo zikiwa nzima, baada ya saa 24 sehemu kubwa imeshatoka, baada ya 48 karibu yote. Nyingine: dawa za kuzipinga ni ghali sana. Ya dabigatran iliidhinishwa mwaka 2015, na usiijengee familia matumaini kwamba itakuwa kwenye kabati la hospitali ya mkoa usiku wa manane.

Na upo mtego ambao ningependa kila anayeuguza mzee aujue. INR haizipimi dawa hizi. Mzee amemeza apixaban asubuhi, ameanguka mchana, INR inatoka 1.1, mtu anasema "damu yake iko sawa". Haiko sawa. Kwa dawa mpya, taarifa yenye thamani kuliko kipimo ni saa aliyomeza kidonge cha mwisho. Anayemsindikiza aijue na aiseme mlangoni: "Shikamoo daktari, baba anatumia apixaban, amemeza leo saa moja asubuhi, ameanguka saa saba mchana." Sentensi hiyo inaokoa nusu saa ya kuulizana.

Figo ndizo zinazoamua mengine. Dabigatran hutolewa na figo kwa kama asilimia 80, kwa hiyo kwa mzee mwenye kisukari cha miaka mingi mimi ningeiweka ya mwisho. Apixaban ndiyo isiyotegemea sana figo ukiilinganisha na wenzake. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 5 mara mbili, na hupunguzwa hadi 2.5 kwa mwenye mambo mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 kushuka chini, au kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) ya mikromoli 133 kwa lita kwenda juu. Msipunguze wenyewe kwa kuwa "mzee amekonda". Kukonda peke yake ni jambo moja, na yanatakiwa mawili.

Ubaya mwingine unatokana na huohuo uzuri wa kuisha haraka. Mzee akikosa dozi ya siku mbili kwa sababu pesa imechelewa kutumwa, hana kinga. Warfarini ingevumilia kidogo. Kama hamna uhakika wa dawa ya mwezi ujao, dawa mpya siwashauri.

Wasioguswa na ubishi huu

Mwenye valvu ya chuma anatumia warfarini. Dabigatran ilijaribiwa kwa watu hao na utafiti ukasimamishwa. Matokeo yake, yaliyotoka 2013, yalionyesha kuganda zaidi na kutokwa damu zaidi kwa pamoja. Mwenye moyo usiopiga kwa mpangilio kwa sababu ya valvu iliyobanwa na ugonjwa wa rumatiki naye anatumia warfarini. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wagonjwa kama 4,500 wa ugonjwa huo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliopewa rivaroxaban walikufa wengi zaidi kuliko wale wa warfarini na dawa za jamii yake. Ugonjwa huu kwetu upo, na upo kwa watu wasiojua kama wanao. Kwa hiyo kabla hujamhamisha mama kutoka warfarini kwenda dawa mpya kwa sababu binamu wa Dar es Salaam anatumia, apigwe kwanza altrasaundi ya moyo.

Na kuna mzee wa tatu wa kumwacha alivyo: dhaifu, miaka 75 na zaidi, ametulia kwenye warfarini kwa miaka, INR yake nzuri. Utafiti wa Uholanzi wa 2023 uliwahamisha wazee wa aina hiyo kwenda dawa mpya, na waliohamishwa wakatokwa na damu zaidi kuliko walioachwa. Kweli, kliniki za INR za Uholanzi zinafanya kazi kwa utaratibu ambao wengi wetu hatuna. Ila kama wa kwenu ametulia, ametulia.

Baki yote, yaani mzee mwenye moyo usiopiga kwa mpangilio, valvu nzima, figo za wastani, familia inayoweza kumudu dawa kila mwezi bila kukatika, chaguo langu ni apixaban. Akisahau vidonge vya jioni, rivaroxaban pamoja na chakula. Asipomudu, lakini anafika kwenye kipimo, warfarini, na wala asijione amepewa dawa ya daraja la chini.

"Anaanguka anguka, si bora aache?"

Mwaka 1999 watafiti walikokotoa kwamba mzee mwenye moyo usiopiga kwa mpangilio angelazimika kuanguka takriban mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya kuvuja damu kichwani kwa sababu ya warfarini izidi faida ya kuzuia kiharusi. Namba hiyo huwaambia watu kwamba kuanguka peke yake si sababu ya kunyima kinga, na hapo nakubaliana nayo. Siipendi inapotumiwa kupuuza kuanguka. Ilihesabu kichwa, haikuhesabu mbavu.

Kwa hiyo dawa iendelee, na kazi ifanyike kwenye nyumba. Bafu liwe na kitu cha kushika na mkeka usioteleza. Taa iwake njia ya msalani usiku. Miwani ipimwe. Kanga ndefu inayoburuta ipunguzwe. Dawa za presha na za usingizi ziangaliwe, maana mzee anayeona giza anapoinuka kitandani kwenda kuswali alfajiri ndiye atakayeanguka.

Akishagonga kifua: nyumbani, zahanati au hospitali?

Kijana asiyetumia dawa yoyote, aliyegonga ubavu, anapumua vizuri, anaweza kubaki nyumbani na parasetamoli. Mtu wa miaka 65 na kuendelea anayetumia warfarini, dawa mpya au klopidogreli, akisikia maumivu anapovuta pumzi, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama ametembea mwenyewe. Zahanati inaweza kumpima presha na oksijeni na kumpa rufaa, haina cha zaidi kwa tatizo hili. Kama mnatoka Pangani au Mkinga, pitieni kituo cha karibu iwapo anapumua kwa shida, vinginevyo msipoteze mchana mzima kwenye foleni ambayo mwisho wake ni rufaa ileile.

Hospitali nako, jueni vipimo havilingani. Eksirei ya kifua inaweza kukosa hata nusu ya mbavu zilizovunjika, na akipigwa amelala, damu ya mililita mia kadhaa inaweza isionekane. Altrasaundi ya kifua huona hata damu kidogo ambayo eksirei huikosa, na inafanyika kitandani. Siti skani ndiyo inayoonyesha vyote, mbavu na damu. Mkiambiwa eksirei ni safi, swali la kuuliza kwa adabu ni: "Kwa kuwa anatumia dawa hii, tunaomba achunguzwe kwa altrasaundi au siti skani, na arudiwe lini?" Kurudiwa huko ndiko muhimu. Picha ya kwanza inaonyesha saa ya kwanza tu. Wazee wa aina hii wengi hustahili kulazwa angalau usiku mmoja waangaliwe.

Damu ikipatikana, huwekwa mpira kifuani kuitoa. Ikitoka mililita 1,500 kwa mkupuo, au 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, ni suala la upasuaji, na hapo mnaongea habari ya kuhamishwa.

Mambo yanayofanyika kwa upendo na yanayoumiza: kuchua ubavu kwa mafuta ya nazi, kukanda kwa maji ya moto, kumfunga kifua kwa kitenge ili "mbavu zikae". Kuchua huisogeza mifupa, joto hufungua mishipa, kitenge humzuia kuvuta pumzi ndefu, na pumzi fupi huleta nimonia, ambayo kwa mzee huua kama damu inavyoua. Sindano ya diklofenaki ya tako haimfai hata kidogo. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza kutoka damu, na sindano yenyewe inaweza kuacha bonge la damu kwenye msuli. Apewe parasetamoli kwa dozi kamili, na ikizidiwa nguvu daktari aongeze kitu kingine, kwani mzee mwenye maumivu hakohoi wala hapumui vizuri. Akikohoa, akumbatie mto ubavuni. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kadhaa. Akae, asilale chali kutwa.

Akirudi nyumbani, kwa wiki mbili mumwangalie. Pumzi kuwa fupi kuliko jana, kizunguzungu, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, midomo kufifia, kukohoa damu, choo cheusi, homa, au kuchanganyikiwa kwa mtu ambaye jana alikuwa anajua siku ya leo: rudini hata kama ni saa nane usiku.

Kidonge cha jioni ile, na cha wiki ijayo

Ameumia saa kumi, dozi yake ni saa mbili usiku. Ameze? Kwa walio wengi, dozi hiyo isubiri mpaka achunguzwe, na achunguzwe kabla ya saa mbili. Wa valvu ya chuma na wa kijibomba cha moyo wao wasiruke dozi kwa kubahatisha. Daktari aamue usiku huohuo.

Kuanza tena ni kugumu zaidi, na hakuna tarehe moja ya watu wote. Kama hakuna damu kifuani na picha za kurudia ni safi, wengi hurudi kwenye dawa ndani ya siku chache. Kama damu ilitoka na mpira uliwekwa, daktari husubiri itulie kwanza. Wa valvu ya chuma huanza mapema zaidi, mara nyingi kwa sindano za heparini wakiwa wodini, kwa sababu zinaweza kupunguzwa au kusimamishwa haraka.

Kinachotokea mara nyingi mno ni dawa kusimamishwa na asitokee mtu wa kuirudisha. Wodi inadhani kliniki ya moyo itaanzisha, kliniki ya moyo haijui kama mzee aliumia, familia inaogopa kuuliza. Basi siku ya kuruhusiwa, kabla ya kutafuta usafiri, karatasi ya ruhusa iandikwe mambo manne: dawa ipi, imesimamishwa tarehe gani, irudiwe tarehe gani, na nani wa kumwona kama tarehe hiyo ikifika na maumivu bado yapo. Ikiwa ni warfarini, ongezeni na tarehe ya INR ya kwanza baada ya kuanza. Nakala moja ipigwe picha kwenye simu ya yule kijana anayemnunulia dawa.